Pengo Lipi Lizibwe: Meno Bandia na Taya katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika karne ya 19, wakati Dar es Salaam ilikuwa bado haijapata sura ya mji, pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuingia katika biashara ya meno bandia, ingawa kwa upande wa malighafi peke yake. Miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar, pamoja na pembe za ndovu, yalikuwemo meno ya viboko, ambayo mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa kwa muda mrefu wakiyachonga kuwa meno ya binadamu, kwa sababu ni magumu na hayageuki manjano upesi kama pembe. Baadaye meno ya kaure, yaliyopachikwa juu ya ufizi wa mpira uliopikwa kwa salfa, yaliuondoa ufundi huo sokoni, na wenyeji wa pwani waliouza meno hayo hawakupata kuyaona yakirudi vinywani mwao.

Huduma yenyewe ilifika kwa kuchelewa, na ilianzia katikati ya mji. Magomeni na Temeke zilipopimwa viwanja na kujengwa kuwa makazi ya Waafrika katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, hospitali kubwa ilikuwa ile iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili. Madaktari wa meno walisomea nchi za nje hadi mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mafunzo hayo katika kitivo chake cha tiba. Hata hivyo, kuwa na wataalamu si sawa na kuwa na kliniki mtaani: sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya kibinafsi kwa faida, na marufuku hiyo ilidumu hadi ilipolegezwa mwaka 1991. Ndipo vibao vya madaktari wa meno vilipoanza kuonekana katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, karibu wakati ule ule ambapo hospitali za serikali, kuanzia mwaka 1993, zilianza kudai uchangiaji wa gharama. Kwa mkazi wa viungani mabadiliko hayo mawili yalikuwa na maana moja, kwamba jino liliweza kung'olewa karibu na nyumbani kwa fedha kidogo, lakini kuliweka jingine mahali pake kulitaka akiba.

Kifaa kilichoenea zaidi, na ambacho hadi leo ndicho kinachojulikana na wengi kwa jina la meno bandia, ni kibao cha akriliki cha kuvaa na kuvua, plastiki iliyochukua nafasi ya mpira duniani kuanzia miaka ya 1930. Utengenezaji wake unahitaji subira kuliko mitambo. Daktari huchukua chapa ya kinywa kwa unga maalumu uliokorogwa kwa maji, fundi wa maabara humimina plasta katika chapa hiyo ili apate mfano wa ufizi, kisha hupanga meno juu ya nta ya rangi ya waridi na kumrudishia mgonjwa ajaribu kuuma. Wakiridhika, mfano hufungwa ndani ya kasha la chuma, nta huyeyushwa kwa maji ya moto, donge la akriliki hushindiliwa mahali pake na kuchemshwa hadi ligande, na mwisho kibao husuguliwa mpaka king'ae. Daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwa meno mawili ya jirani yaliyochongwa, limebaki kuwa la wachache.

Mchango wa kielimu ulio mkubwa kuliko yote hapa haukuwa wa kifaa kipya. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alitoa hoja kwamba mtu aliyepoteza magego ya nyuma anaweza kutafuna vizuri bila meno bandia, mradi meno ya mbele na magego madogo yamebaki. Hali hiyo huitwa upinde mfupi wa meno. Hoja iliyozaliwa katika nchi tajiri ilihitaji kupimwa kwa watu wenye chakula kingine na mfuko mwingine. Mtanzania Paul Sarita, akishirikiana na wataalamu wa Nijmegen, aliwachunguza nchini watu wazima 725 wenye upinde mfupi na 125 wenye meno kamili, na mwaka 2003 matokeo yalichapishwa: waliobakiwa na magego madogo yote na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vya kutosha, ila waliobakiwa na jozi mbili za magego madogo au pungufu walipata taabu, hasa kwa vyakula vigumu. Kwa kliniki ya Temeke yenye foleni ndefu na vifaa haba, matokeo hayo yalikuwa na thamani kuliko shehena ya akriliki, kwa kuwa yalimpa daktari sababu ya kitaalamu ya kuliacha pengo la nyuma na kuelekeza nguvu kwa yule asiyeweza kutafuna.

Vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazozamishwa katika mfupa wa taya ili zibebe jino, vilianza kwa mgonjwa wa kwanza wa Per-Ingvar Brånemark huko Göteborg, Uswidi, mwaka 1965, baada ya kubainika kwamba mfupa huota hadi ukashikamana na madini hayo. Dar es Salaam vinapatikana zaidi katika kliniki za kulipia, navyo huhitaji mfupa wa kutosha na miezi kadhaa ya kusubiri.

Mahali ambapo havipaswi kuhesabiwa kuwa anasa ni kwa wagonjwa wa ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembechembe zinazojenga jino, usiosambaa mwilini kama saratani lakini unaoula mfupa wa taya polepole na mara nyingi bila maumivu. Tafiti za Elison Simon na wenzake, zilizochapishwa katika miaka ya 2000, zilionyesha kuwa ndio unaoongoza nchini kati ya uvimbe wa asili ya meno. Kwa kuwa wengi huja umeshakuwa mkubwa, daktari hulazimika kukata kipande kizima cha taya, na taya ya chini isipounganishwa tena, kidevu huvutwa upande mmoja na meno yaliyosalia hayakutani. Bamba la chuma huziba nafasi hiyo, na mfupa unaochukuliwa nyongani hupandikizwa ili ujenge taya upya. Lakini juu ya mfupa huo hakuna tuta la ufizi la kukishikilia kibao cha akriliki, ambacho huteleza kila mgonjwa anapofungua kinywa, isipokuwa kimeshikizwa kwa vipandikizi.