Aliyekosa Atarudi kwa Njia Gani? Nidhamu katika Shule za Sekondari za Kikristo za Kampala

Chukua kijitabu cha kanuni za shule yoyote ya sekondari ya bweni iliyoasisiwa na kanisa, iwe ndani ya jiji la Kampala au viungani mwake. Futa ratiba ya sala na ibada ya Jumapili, kisha kiweke kando ya kijitabu cha shule isiyo na dhehebu. Tofauti zitakazobaki ni chache mno. Sare, nywele fupi, marufuku ya simu, kengele ya kulala, kutovuka uzio bila ruhusa, adabu kwa walimu na viranja: hayo yote ni ya bweni kabla ya kuwa ya Injili. Si jambo la aibu, kwani vijana mia kadhaa hawawezi kulala mahali pamoja bila kengele. Ila shule hizi hujinadi kwa wazazi kuwa zina nidhamu ya Kikristo, na wazazi hulipa karo kwa imani hiyo. Dai la makala hii ni kwamba Ukristo wa nidhamu, kama upo, hujulikana kwa yale yanayofuata baada ya kosa: nani anamsikiliza mkosaji, mbele ya nani, na atarudi kwa njia gani. Hapo ndipo shule hizi zimeazima kwa wengine zaidi ya zinavyokiri.

Mkopo wa kwanza ulitoka Uingereza. Thomas Arnold, aliyeshika uongozi wa shule ya Rugby mwaka 1828, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka ya kuwaongoza na kuwaadhibu wadogo wao, akitumaini kupata waungwana wa Kikristo. Mfumo wa aina hiyo ndio uliopanda kilima cha Budo mwaka 1906, Kasisi H. W. Weatherhead wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alipofungua King's College kwa ajili ya wana wa machifu na wakubwa wa nchi. Viranja wakapewa madaraka, na mabweni yakawa “nyumba”, baadhi zikibeba majina ya nchi za dola ya Kiingereza. Mwaka mmoja kabla, wanawake wa CMS walikuwa wameanzisha shule ya wasichana Gayaza. Wakatoliki walikuwa wametangulia Namilyango mwaka 1902 kupitia mapadre wa Mill Hill, na chuo cha Kisubi kina chimbuko lake Rubaga mwaka 1906. Kila shirika lilikuja na desturi za kwao, na baada ya miaka mia moja desturi hizo zimeshika kutu ya heshima kiasi kwamba kuzihoji ni kama kuhoji Kanuni ya Imani.

Mkopo wa pili ni wa hapa hapa, nao hutajwa mara chache. Kabla ya wamisionari, machifu wa Buganda walipeleka wana wao ikulu ya Kabaka wakalelewe kama bagalagala, watumishi vijana wa ndani. Aliyejua kutii na kunyamaza alipanda cheo, na siku moja akapewa eneo la kutawala. Budo ilijengwa juu ya kilima ambako makabaka husimikwa, na wazazi wa mwanzo walikuwa wa tabaka lile lile. Kwa maoni yangu, waliipokea shule ya bweni kwa urahisi kwa sababu walikwisha kuifahamu: mtoto anatoka kwao, anatiwa mikononi mwa mkubwa, anarudi akiwa mtu wa kutumainiwa na wenye madaraka. Utii ukabaki sarafu ya ikulu, na shule ikaendelea kuitumia.

Ajabu ni kwamba watakatifu mashuhuri kuliko wote wa nchi hii walitoka miongoni mwa watumishi hao hao, na wanaheshimiwa kwa sababu siku moja walikataa kutii. Mashahidi wa kwanza, vijana watatu, waliuawa tarehe 31 Januari 1885. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga, aliyekuwa na dhamana juu ya vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, alichomwa moto Namugongo pamoja na wenzake, akiwemo Kizito, ambaye kwa umri wa leo angekuwa bado kidato cha pili. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Kikatoliki mwaka 1964, na Waanglikana nao wanawaenzi wa kwao. Kila Juni shule hufunga safari kwenda Namugongo. Kisha wanafunzi hurudi bwenini, pengine katika bweni lenye jina la Lwanga, na kuambiwa kwamba mwanafunzi mwema hahoji.

Mwalimu wa zamu atanijibu kwamba Lwanga hakukataa kufagia ua, na jibu lake ni la haki. Alikataa alichoamini ni uovu, na katika kazi nyingine alikuwa mtumishi hodari. Basi shule inapaswa kufundisha tofauti hiyo waziwazi: kukataa kufagia ni utovu wa nidhamu, kukataa amri chafu ni wajibu. Jambo hili lina uzito wa kila siku. Msichana aliyefundishwa kwamba mkubwa hakataliwi hana neno la kutamka siku mwalimu anapomwita nyumbani kwake usiku. Mvulana wa kidato cha kwanza anayetumwa na kiranja kufanya jambo la aibu hana pa kulipeleka, kwa kuwa ngazi ya malalamiko inaanzia kwa kiranja huyo huyo. Kanuni isiyomwachia kijana nafasi ya kusema hapana kwa haki haimlindi, hata ikitanguliwa na sala.

Mvutano kati ya kanuni na dhamiri haukuisha na enzi ya Mwanga. Oktoba 1941, chuo cha theolojia cha Askofu Tucker kule Mukono, mwendo mfupi kutoka Kampala, kiliwafukuza wanafunzi 26. Hawakuwa wezi wala walevi. Walikuwa Balokole, watu wa uamsho, waliokaidi katazo la mkuu wa chuo, J. C. Jones, la kukutana alfajiri kusali na kuhubiri chuoni. Mmoja wao, William Nagenda, alikuja kuwa mhubiri aliyejulikana mbali nje ya Uganda. Vyuo vilivyofukuza watu kwa kusali mapema mno nadhani ni vichache duniani. Mkuu wa chuo alikuwa na sababu zake: wanauamsho waliwatangazia wenzao na walimu wao dhambi mbele ya watu, na chuo kiligawanyika. Hata hivyo, kanuni haikuweza kumtenga mkaidi na mwenye dhamiri. Wote wakapewa adhabu moja, kufungasha virago.

Kuhusu kiboko sitakaa sana, kwa kuwa sheria imeshasema. Wizara ya Elimu ya Uganda ilikipiga marufuku kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakakifanya kosa la jinai ndani ya taasisi za elimu. Kenya ilikwisha kukiondoa mwaka 2001, ilhali kanuni za Tanzania bado zinaruhusu hadi viboko vinne. Wanaokitetea hukimbilia kitabu cha Mithali. Ni ajabu kwamba hawaendi hadi Kumbukumbu la Torati sura ya 21, ambako mwana mkaidi hupigwa mawe hadi afe; na hata huko, wazazi wote wawili walitakiwa wampeleke kwanza mbele ya wazee langoni, utaratibu ambao mwanafunzi wetu anayechapwa nyuma ya ofisi haupati. Kwa anayedhani kwamba bila fimbo shule itasambaratika, upo utafiti wa Luwero kuhusu mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala. Ulihusisha shule za msingi 42, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015: katika shule zilizofuata mpango huo, hatari ya mtoto kupigwa na watumishi wa shule ilishuka kwa asilimia 42. Ni shule za msingi, nakubali, na bweni la sekondari lina matatizo yake. Lakini zilibadilika bila kusambaratika.

Kiboko kikiondoka, kinachobaki ni gwaride la asubuhi. Hapo ndipo aibu inapogawiwa. Mkosaji huitwa mbele, jina na kosa lake hutajwa, wenzake hucheka au huinamisha vichwa, na adhabu hutangazwa kabla hajaulizwa neno. Mathayo sura ya 18 ina utaratibu unaokwenda kinyume kabisa. Aliyekosa huendewa kwanza peke yake. Asiposikia, huongezwa mashahidi mmoja au wawili. Jumuiya nzima huambiwa mwishoni, baada ya njia zote za faragha kushindwa. Utaratibu huo husomwa sana kanisani na kutumiwa kidogo katika kamati ya nidhamu. Hata asiyesikia kabisa, anayehesabiwa kama mtoza ushuru, yumo katika Injili ambayo mapokeo yanasema iliandikwa na mtoza ushuru aliyeitwa kutoka mezani pake. Nisingependa kuugeuza mlango huo wa Injili kuwa kifungu cha sheria. Ninachosema ni kwamba mfuatano wake, faragha kwanza na hadhara mwisho, unaweza kufuatwa na mkuu wa shule yeyote kesho asubuhi bila kuomba fedha wizarani.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni msichana mjamzito. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika miezi hiyo wasichana wengi walipata mimba. Mwongozo wa wizara wa Desemba 2020 ulitaka mjamzito apewe likizo ya lazima mimba ifikapo miezi mitatu, na arudi mtoto akishatimiza miezi sita. Shule zilipofunguliwa wizara ilisema wapokelewe, na baadhi ya viongozi wa dini wakapinga hadharani kwa hoja kwamba wataharibu wengine. Naielewa hofu yao. Mkuu wa shule ya wasichana hujibu wazazi mia kadhaa. Lakini hoja ya kuharibu wengine ina kasoro moja: huangukia tumbo linaloonekana. Mvulana aliyehusika, kama yumo shuleni, huendelea na mtihani wake, na mwanamume mzima aliyehusika huendelea na ibada yake. Wale waliomleta mwanamke mbele ya Yesu katika Yohana sura ya 8 nao walikuja na mshitakiwa mmoja katika kosa la watu wawili.

Mwanafunzi wa imani nyingine ni suala ambalo mahakama zimeligusa zaidi kuliko wanatheolojia. Nchini Kenya, kesi ya hijabu katika shule ya Kimethodisti ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Januari 2019 mahakama hiyo ilitengua ushindi ambao wasichana Waislamu walikuwa wameupata katika Mahakama ya Rufani, kwa misingi ya utaratibu zaidi kuliko kiini cha haki. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inaitambua nafasi ya kanisa lililoasisi shule, na Katiba ya 1995 inalinda uhuru wa kuabudu. Kati ya hizo mbili pana nafasi ya hekima ambayo shule isiisubiri kutoka kwa jaji.

Pingamizi zito bado lipo: shule si kanisa. Ina watoto wa watu, na anayeuza dawa za kulevya bwenini, anayewapiga wadogo au anayepanga kuchoma jengo hawezi kungojewa kwa saba mara sabini. Nakubali kwamba yupo anayepaswa kuondoka, na aondoke siku hiyo hiyo. Ila tuseme ukweli kuhusu kufukuza kunavyofanyika. Mzazi mwenye uwezo humpeleka mtoto shule ya binafsi upande wa pili wa jiji, bila taarifa yoyote ya kosa lake, na tatizo limehama kilima. Mzazi asiye na uwezo humrudisha kijijini, na masomo yameishia hapo. Adhabu moja imekuwa mbili kwa kipimo cha mfuko wa baba.

Bodi ya shule ya kanisa inaweza kubadilisha jambo moja kwenye barua yake. Barua ya kumsimamisha mwanafunzi iwe na tarehe ya kurudi na jina la mwalimu atakayempokea langoni. Itaje aliyemsikiliza kabla ya uamuzi, na kile mwanafunzi alichojitetea nacho, kwa maneno yake mwenyewe. Na pale ambapo kurudi hakuwezekani kabisa, barua iseme ni shule gani imekubali kumchukua, ikiwa imeelezwa kosa lake, na nani kati ya walimu alikwenda kuzungumza nayo.