Utulizaji wa Hofu katika Tiba ya Meno

Katika tiba ya meno, utulizaji ni matumizi ya dawa zinazopunguza kasi ya ubongo kwa kiasi cha kumwondolea mgonjwa hofu na kuulegeza mwili wake, huku akiendelea kupumua mwenyewe na kuitika anapoitwa. Huko kuitika ndiko mpaka wa istilahi yenyewe, kwa kuwa mgonjwa aliyepewa nusukaputi haitiki wala hahisi, na pumzi yake huwa mikononi mwa mtaalamu wa usingizi, ilhali aliyechomwa ganzi, ambayo aghalabu ni lignokaini, hupoteza hisi mahali palipochomwa tu, na woga wake hubaki vilevile.

Kiswahili cha kila siku, katika kijiji cha Kilambo kando ya mto Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kama kwingineko, huita nusukaputi na vidonge vya kulalia kwa jina moja la dawa ya usingizi, na dawa ya kutuliza ikitajwa peke yake hudhaniwa kuwa ya maumivu. Ndiyo maana utulizaji wa hofu ni istilahi bora kuliko utulizaji mtupu, kwani inaonyesha wazi kwamba aliyetulizwa bado anahitaji ganzi kabla ya kung'olewa jino.

Njia ya zamani zaidi ni gesi ya naitrasi oksaidi, maarufu kwa jina la gesi ya kuchekesha, ambayo daktari wa meno Horace Wells alijijaribia mwenyewe mjini Hartford, Marekani, mwezi Desemba 1844, aking'olewa jino baada ya kuivuta. Siku hizi huchanganywa na oksijeni isiyopungua asilimia 30, ikavutwa kwa kifuniko cha puani kinachoacha kinywa wazi kwa kazi, na matibabu yakimalizika mgonjwa hupewa oksijeni tupu kwa dakika chache, akili ikamrudia upesi. Wepesi huo wa kutoka mwilini ndio ubora wake mkubwa, ingawa mashine na mitungi yake si vitu vya kila kliniki.

Vidonge vya diazepamu, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1963, havihitaji mitambo, lakini hukaa mwilini kwa muda mrefu, pengine kupita siku nzima. Midazolamu ya kuchomwa mshipani hufanya kazi ndani ya dakika chache na mara nyingi humfanya mgonjwa asikumbuke yaliyotendeka. Dozi ikizidi, au mgonjwa akiwa amekunywa pombe, dawa hizi hudhoofisha pumzi, na kwa hiyo anayezitoa kwa sindano hana budi kuwa na kipima oksijeni cha kidoleni pamoja na flumazenili, dawa inayozipinga.

Kudumu kwa dawa hizi mwilini kuna uzito wa pekee kwa mkazi wa Kilambo anayefuata matibabu mjini Mtwara, kisha akarudi kwa bodaboda, au akavuka Ruvuma siku hiyohiyo, kwani mtu aliyetulizwa kwa vidonge au sindano huweza kujiona mzima na hali wepesi wake haujarejea. Asiendeshe chombo chochote hadi kesho yake, kiwe mtumbwi au pikipiki. Kabla ya kuketi kwenye kiti cha matibabu, mgonjwa amuulize daktari ikiwa atapewa ganzi, utulizaji au nusukaputi, na kwa hizo mbili za mwisho aje na mtu mzima wa kumsindikiza hadi nyumbani.