Giza Lililobeba Nuru: Caravaggio na Kikanisa cha Contarelli

Mtaguso wa Trento, uliofanyika kwa vipindi kati ya 1545 na 1563, ulitetea katika kikao chake cha mwisho matumizi ya picha takatifu makanisani dhidi ya wanamageuzi wa Kiprotestanti waliokuwa wakiziondoa na hata kuzivunja, na papo hapo ukawataka maaskofu wahakikishe kwamba picha hizo zinawafundisha waumini imani na kuwaamshia ibada. Wachoraji waelekezwe mbinu gani, mtaguso haukusema. Jibu lenye nguvu kuliko yote lilipatikana zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika kikanisa cha pembeni ndani ya San Luigi dei Francesi, kanisa la Wafaransa mjini Roma, kwa mkono wa Michelangelo Merisi, anayejulikana zaidi kwa jina la Caravaggio.

Kikanisa hicho kilikuwa cha Kardinali Matteo Contarelli, Mfaransa aliyefariki 1585 akiwa ameagiza kipambwe kwa maisha ya Mtakatifu Mathayo, ambaye alikuwa somo wake. Kazi ilisuasua kwa miaka mingi, hata 1599 Caravaggio, aliyekuwa chini ya ufadhili wa Kardinali Francesco Maria del Monte, alipokabidhiwa kuta mbili za ubavuni. Mwaka uliofuata picha zote mbili zilikuwa mahali pake.

Katika picha ya ukuta wa kushoto, inayoonyesha kuitwa kwa Mathayo mtoza ushuru, watu watano waliovaa mavazi ya Roma ya zama za mchoraji wameizunguka meza yenye fedha, huku Kristo akiingia kutoka kulia, karibu mwili wake wote ukifichwa na giza na umbo la Petro, hata isionekane vizuri ila uso na mkono unaonyooshwa. Juu ya kichwa chake unapita mwanga unaoteremka kimshazari ukutani hadi kwenye nyuso za watoza ushuru. Lipo dirisha katika picha, lakini halitoi nuru yoyote. Mwanga unatoka nje ya picha, upande ule ule lilipo dirisha halisi la kikanisa, juu ya altare. Kwa hiyo nuru iliyochorwa inaendeleza nuru ya jengo, na mwamini anayesimama pale anaangaziwa kutoka upande mmoja na yule mtoza ushuru. Hapo ndipo ulipo ukuu wa kazi hii, na ndiyo sababu nakala iliyochapishwa kitabuni, hata iwe safi namna gani, huipunguzia maana.

Kupishanisha mwanga na kivuli ili umbo lionekane limejaa, mbinu iitwayo kiaroskuro, hakukuanza na Caravaggio. Leonardo da Vinci alikuwa ameshaonyesha jinsi kivuli kinavyoweza kuyeyuka polepole kama moshi. Caravaggio aliuondoa mpito huo mpole, akaacha giza litawale na mwanga mkali ulikate ghafla, mtindo ambao wanahistoria wa sanaa huuita tenebrizimu. Aliipaka turubai rangi ya msingi ya kahawia iliyokoza, akaiacha sehemu nyingi ionekane yenyewe kuwa kivuli, na badala ya kutanguliza michoro mingi ya karatasini alikwaruza mistari michache kwenye msingi huo. Giovanni Pietro Bellori, aliyeandika maisha yake katika kitabu cha 1672, aliyaona haya kuwa kasoro, akieleza kwamba mchoraji huyo aliwafungia watu wake katika chumba cheusi chenye taa moja iliyowekwa juu. Bellori aliiona mbinu sawasawa, ila hakuona kwamba giza hilo ndilo linaloifanya neema ionekane kuwa kitu kinachomjia mtu kutoka nje yake.

Mtindo huo ulienea upesi. Gerrit van Honthorst wa Utrecht aliiingiza taa ndani ya picha, hata Waitalia wakampa jina la Gherardo wa Usiku. Rembrandt, ambaye hakufika Italia kamwe, aliupata kupitia wachoraji waliorudi kutoka huko, na mnamo 1629, katika picha ndogo ya chakula cha jioni cha Emau, akaupindua: taa imefichwa nyuma ya Kristo, ambaye sasa ndiye kivuli cheusi, na mwanga umeangukia uso wa mwanafunzi anayeshtuka kwa kumtambua.