Mkono na Jina: Historia ya Uhunzi wa Wahaya

Majina ya zana ni kumbukumbu za kale ambazo mara nyingi hupuuzwa katika uchunguzi wa lugha za Kibantu. Kitenzi cha Kiswahili kufua, kwa maana ya kugonga chuma hadi kiwe zana, kinatokana na mzizi *-túd- wa Mame Bantu. Kutoka hapo limepatikana jina fuawe, yaani chuma au jiwe ambalo mhunzi hufulia kazi yake. Na leo Waswahili hufua hata umeme. Kihaya, lugha ya Bukoba na Muleba, kina njia yake: kufua chuma ni kuhesa, na mhunzi ni omuhesi.

Thamani ya majina hayo ilidhihirika Katuruka, wilayani Bukoba. Mahali penye mti mkubwa wa matambiko palijulikana kwa jina la Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara katika karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wajenge hapo mnara wa chuma ufike mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata simulizi hiyo, na mwaka 1970 alichimbua masalia ya uhunzi mahali hapo. Vipimo vya kaboni vilielekeza kwenye milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Ingawa wataalamu wamebishana kuhusu tarehe za awali kabisa, jambo moja ni wazi: moto wa Kaiija ulitangulia kwa karne nyingi ufalme uliobeba habari zake.

Hata hivyo, jina peke yake halielezi kazi. Majembe yaliyoletwa kutoka nje yaliudhoofisha uyeyushaji wa chuma, na katika karne ya 20 tanuri zikazimika. Mwaka 1976 wazee walioifanya kazi hiyo ujanani waliijenga tanuri upya mbele ya watafiti. Udongo wa kichuguu ulijenga kuta. Matete ya bwawani yalichomwa shimoni yakawa makaa. Mivukuto ya mti iliyowambwa ngozi ilisukuma hewa katika vibomba vya udongo. Kwa kuwa vibomba hivyo viliingia ndani ya tanuri, hewa ilipata joto kabla ya kuufikia moto. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science.

Kumbukumbu ya chuma, basi, ilihifadhiwa mahali pawili: katika jina na katika mkono. Jina lilidumu kwa vizazi vingi. Mkono ulibakiza kizazi kimoja tu cha wazee. Mtunga kamusi anayeandika omuhesi kisha akaishia kwenye tafsiri “mhunzi” ameokoa nusu ya neno. Nusu ya pili iko kwa fundi, nayo huzikwa pamoja naye. Wajibu wa wanaisimu ni kuandika neno pamoja na kazi yake, fundi akiwa bado ameshika nyundo.