Madirisha ya Vioo vya Rangi na Rangi za Kuta Katika Mwanga wa Ziwa Victoria

Usharika unapokaribia kutimiza miaka 100, jambo ambalo baraza la wazee hulijadili mapema, pamoja na ratiba ya ibada na orodha ya wageni, ni rangi ya kanisa. Kwaya huchangia, akina mama huchangia, vijana hujitolea kusugua kuta, na fundi huletwa na ngazi zake. Kwa kanisa lenye madirisha ya kawaida uamuzi huo si mzito sana. Lakini kwa kanisa ambalo wazee waliotangulia waliliachia madirisha ya vioo vya rangi, ndoo chache za rangi zaweza kuyazima madirisha hayo kwa siku mbili, pasipo mtu kugusa kioo hata kimoja. Kioo hubaki mahali pake, kizima. Kinachopotea ni mng'ao wake machoni pa washarika. Na kwa kuwa fedha zilizotumika ni sadaka, kosa hilo hukaa ukutani miaka kumi au zaidi kabla usharika haujathubutu kuchangishana tena.

Vioo vya rangi viliingia katika nchi hii kwa njia ya bahari. Huko Zanzibar, Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina dirisha la kuwakumbuka mabaharia waliokufa katika doria za kuzuia biashara hiyo. Dar es Salaam, makanisa mawili yaliyojengwa na Wajerumani karibu na bandari yalikamilika mwaka mmoja, 1902: Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililoanza mwaka 1897. Katika hilo la Mtakatifu Yosefu, madirisha yaliyo nyuma ya madhabahu hupendeza zaidi alasiri, jua linapokuwa limeelekea upande wake. Jambo hilo ni dogo, lakini lina fundisho: kila dirisha lina saa yake.

Kanda ya Ziwa ilichelewa. Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta Wahaya ambao tayari walikuwa wameisikia Injili kutoka Uganda. Nyumba za ibada za kwanza zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na dirisha lilikuwa ni tundu la kuingizia hewa. Shehena iliyotoka Ulaya kuja ziwani ilishushwa Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika Desemba 1901, kisha ikavuka ziwa kwa meli. Mwanza yenyewe ilipata reli yake, ile ya kutoka Tabora, mwaka 1928. Kioo chochote kilichofika huku zamani kilipita katika mikono mingi namna hiyo, na atakayetaka kuelewa kwa nini madirisha ya namna hii ni machache pwani ya ziwa hana haja ya kwenda mbali zaidi ya bandari na reli.

Tofauti ya kioo na ukuta iko hapa. Rangi ya kioo haikupakwa juu yake kama rangi ya nyumba. Imo ndani ya kioo chenyewe, kwa madini yaliyoyeyushwa nacho katika tanuru: kobalti kwa bluu, shaba kwa nyekundu. Nyuso na mikunjo ya mavazi huchorwa kwa rangi nyeusi au ya kahawia, kisha kioo huchomwa tena ili mchoro ushike. Vipande huunganishwa kwa risasi. Kazi hiyo haibadiliki. Ukuta hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, tena kwa gharama ambayo usharika unaimudu. Kwa sababu hiyo mpangilio wa rangi za ndani ya kanisa hauanzii dukani kwenye kadi ya rangi, bali unaanzia dirishani, na ukuta ndio unaotakiwa kufuata.

Wazee wengi wakiulizwa watajibu bila kusita kwamba ukuta wa kanisa la Kilutheri ni mweupe. Historia haikubali jambo hilo kwa wepesi. Machi 1522 Martin Luther alitoka katika ngome ya Wartburg akarudi Wittenberg kutuliza fujo za waliokuwa wakivunja picha, akahubiri siku nane mfululizo akiwasihi watu wasitumie nguvu. Ni Zurich, mji wa Zwingli, ambako mwaka 1524 picha ziliondolewa makanisani na kuta zikapakwa chokaa. Mji wa Nuremberg ulipokea Matengenezo mwaka 1525, na makanisa yake makubwa, la Mtakatifu Lorenz na la Mtakatifu Sebald, yakabaki na madirisha yake ya kale na sanamu zake mpaka leo, kati ya kuta za mawe ya mchanga ambayo kamwe si meupe. Huko Sweden, makanisa mengi ya Kilutheri yalibaki na michoro ya ukutani kwa vizazi kadhaa baada ya Matengenezo. Mingi ilifunikwa kwa chokaa katika karne ya 18, watu walipotaka mwanga na usafi. Kanisa la Sweden lilipokuja kuzisaidia sharika za Bukoba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lilikuja na mazoea hayo ya weupe. Hapa ziwani chokaa ilikuwa na sifa zake yenyewe: ilikuwa rahisi, ilifukuza wadudu, na ilionekana safi.

Tena weupe wa chokaa si weupe wa ndoo za siku hizi. Chokaa haing'ai. Huvuta vumbi kidogo, hugeuka kuwa kama maziwa yaliyokaa, na hupokea mwanga kwa upole. Rangi nyeupe ya kiwandani imetiwa titani, unga mweupe sana ulioanza kuuzwa kwa wingi katika karne ya 20, na ikiwa ni ya mafuta hurudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo usharika unaopaka nyeupe ya dukani juu ya chokaa ya zamani ukisema unadumisha desturi, kwa kweli unaleta kitu kipya kabisa.

Mjadala mkubwa kuliko yote juu ya jambo hili katika miaka ya karibuni ulitokea katika Kanisa Kuu la Chartres, Ufaransa. Kanisa hilo liliungua mwaka 1194 na kujengwa upya, na vioo vyake, zaidi ya mita za mraba 2,000, vingi ni vya mwanzo wa karne ya 13. Moshi wa mishumaa na vumbi la karne nyingi vilizigeuza kuta kuwa karibu nyeusi. Wageni waliingia gizani, na madirisha ya bluu na nyekundu yakawaka juu yao kama makaa. Kuanzia mwaka 2009 mafundi walisafisha kuta, wakakuta chini ya masizi mabaki ya rangi ya kwanza: manjano ya udongo, iliyochorwa mistari myeupe kama viungo vya mawe. Wakairudisha. Mwaka 2014 malalamiko yakavuma hadi Marekani. Waliolalamika walisema kwamba kuta zikiwa nyepesi, macho ya mtu hujirekebisha kwa mwanga wa ukuta, na kioo hupungua nguvu. Watetezi walijibu kwamba giza lile lilikuwa uchafu na halikuwa kusudi la wajenzi, na kwamba vioo navyo vilisafishwa, hivyo vinaleta mwanga mwingi kuliko awali.

Pande zote mbili zina hoja, lakini lile jibu la mwisho ndilo linalostahili kusikilizwa zaidi na makanisa ya ziwani. Haifai kuamua rangi ya ukuta mbele ya kioo kichafu. Katika pwani ya Ziwa Victoria kuna vumbi la kiangazi, na kuna mawingu ya wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku na kuacha utando juu ya kila kitu. Dirisha lisafishwe kwanza kwa brashi laini na maji safi, bila tindikali wala sabuni kali, na fundi asisugue mahali penye nyuso zilizochorwa, maana mchoro wa zamani huweza kubanduka. Huenda baada ya hapo kamati ikagundua kwamba ukuta haukuwa na shida yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kulijibia Mwanza. Bethel, karibu na Bielefeld, iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta. Huko, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua hupanda nyuzi 15 tu kutoka upeo, na dirisha la kaskazini karibu halilioni jua mwaka mzima. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, likiwa nyuzi kama 64 mwezi Juni. Miezi mingine huhamia kusini, na mwezi Desemba hufikia kama nyuzi 69. Hakuna upande wa kanisa usiopata jua. Lakini kwa kuwa jua la adhuhuri liko juu mno, upenu wa paa hulikinga, na madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopokea mwanga wa moja kwa moja, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Ongeza mng'ao wa maji ya ziwa na ule wa miamba mikubwa iliyoupa mji jina la Jiji la Miamba, na mtu ataona kwamba tatizo la huku halijawa kamwe uhaba wa mwanga. Mjerumani alipaka nyeupe ili apate mwanga. Msukuma au Mhaya anayeingia kanisani saa sita mchana anahitaji mahali pa kupumzisha macho.

Je, rangi gani basi? Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya Gobelins, alieleza mwaka 1839 jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura machoni. Ukuta wa kijani huifanya nyekundu ya dirisha ionekane kali zaidi, na kijani cha dirisha kionekane kimechakaa. Bluu ya anga, inayopendwa sana katika kumbi za ibada, huinyang'anya bluu ya kioo heshima yake; na bluu katika madirisha mengi ndiyo rangi inayobeba kazi yote. Pamoja na hayo, mwaka wa kanisa una rangi zake: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, na kijani cha majuma marefu baada ya Utatu. Ukuta uliochagua upande mmoja utagombana na kitambaa cha madhabahu kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Kinachobaki ni rangi za udongo zisizong'aa: maziwa yaliyokolea, mchanga, manjano hafifu kama ile ya Chartres, au kijivu chenye joto kinachofanana na mawe ya Mwanza. Nzuri zaidi ni ile inayokaribia kipande hafifu kuliko vyote ndani ya dirisha lenyewe, ikiwa imefifishwa kidogo. Wanaopendelea nyeupe hutoa hoja moja yenye nguvu, kwamba madoa ya rangi yanayoanguka kutoka dirishani huonekana vizuri juu ya weupe. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuuacha ukuta uwe mwepesi, usiwe mzito. Ule mkanda wa chini wa rangi ya mafuta, unaokinga ukuta dhidi ya mikono na migongo ya mabenchi, unaweza kubaki, kwa kuwa uko chini ya madirisha. Uwe tu wa kahawia au kijivu kilichopoa. Tahadhari kubwa ni kwa vioo vya luva na matofali ya matundu yaliyo kando ya dirisha la rangi. Mwanga mweupe unaopita hapo huliua dirisha kuliko rangi yoyote ya ukuta, na pazia zito au upenu mrefu zaidi hapo nje utasaidia kuliko ndoo ishirini.

Kwamba kanisa la ziwani halilazimiki kuazima sura yake yote limeonyeshwa zamani na jirani. Huko Bujora, Kisesa, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika aliongoza ujenzi wa kanisa la mviringo ambalo madhabahu yake ilichukua umbo la kiti cha mtemi wa Kisukuma. Rangi za udongo ambazo watu wa nchi walizitumia majumbani mwao zina haki ileile ya kuingia kanisani.

Kabla ya kununua, fundi apake mbao tatu au nne, kila moja ya mita moja ya mraba, zisimamishwe kando ya dirisha na kutazamwa saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, milango ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, Jumapili mbili angalau. Watazamaji wawepo wazee wenye macho hafifu na watoto wa shule ya Jumapili, ambao hukaa chini na kuliona dirisha kutoka pembe nyingine. Rangi itakayochaguliwa, namba yake, kiasi cha chokaa kilichotumika, jina la duka na tarehe viandikwe katika kumbukumbu za baraza la wazee. Na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa kiganja, nyuma ya mlango wa sakristia, kiachwe bila kupakwa, ili atakayekuja na brashi miaka 50 ijayo aone kilichokuwa chini.