Kila Kizazi na Taarabu Yake

Hapana sanaa ya pwani yetu iliyotangaziwa kifo mara nyingi kama taarabu, wala hapana iliyowazika watabiri wake kwa utulivu zaidi. Waliozoea kuisikia kwa Kiarabu walinung'unika ilipoimbwa kwa Kiswahili. Waliolelewa na udi na fidla walinung'unika ilipovishwa mahadhi ya sinema za Kihindi. Na waliokwisha kuyaridhia hayo yote walishika vichwa ilipotiwa magitaa na vinanda vya umeme, wasikilizaji wakaacha viti vyao na kuingia uwanjani kucheza. Kila kizazi kimedai kwamba taarabu ya haki ni ile iliyopigwa katika arusi za ujana wake. Hata hivyo, mwenye kuifuata historia yake kwa saburi ataona kwamba chini ya mabadiliko ya lugha, ala na mavazi kuna jambo moja lililopokezanwa mkono kwa mkono, nalo ni sehemu ambayo mwimbaji humwachia msikilizaji aikamilishe mwenyewe.

Masimulizi ya Unguja humpa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, fadhila ya kuikaribisha sanaa hii katika jumba lake. Na husemwa kwamba alimtuma Muhammad bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ala ya kanuni, ili arudipo awatumbuize wageni wa Sultani kwa namna iliyopendeza Misri wakati ule. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki wa mjini wakaunda chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kingali hai, nao wakashika njia hiyo hiyo ya Misri. Na kwa kuwa nyimbo hizo zilikuwa za Kiarabu, lugha ambayo wakazi wengi wa mji waliijua kwa sala na dua zaidi kuliko kwa mazungumzo, taarabu ya siku hizo ilisikilizwa kwa taadhima, kama isikilizwavyo hotuba ya mgeni mwenye cheo ambaye maneno yake hayafahamiki yote lakini hapana anayethubutu kuondoka.

Aliyeuondoa umbali huo ni mwanamke aliyezaliwa Fumba, katika jamaa waliotoka utumwani, akaitwa Mtumwa. Akafinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza, akahamia mjini mwaka 1911, na kwa uzuri wa sauti yake akajipatia jina ambalo historia imemhifadhi nalo, Siti binti Saad. Pamoja na wenzake, miongoni mwao Mbaruk Talsam, Subeti Ambar na Maalim Shaaban, aliyaimba kwa Kiswahili yale ambayo watu waliyazungumza barazani, na mwaka 1928 walisafiri kwenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilipoenea pwani na bara, watu waliozoea kusikia santuri ikisema kwa ndimi za wengine waliisikia ikisema kwa ulimi wao. Shaaban Robert, kwa kuona ukubwa wa jambo hilo, alimwandikia wasifu wake, heshima ambayo zamani hizo aghalabu iliwafikia wanaume wa dini na wa dola.

Siti hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake mashuhuri, Kijiti, ulisimulia habari ya mtu aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, na kila aliyeusikia Ng'ambo, upande wa mji ambako wengi walikuwa maskini na wana wa watumwa wa jana, aliweza kuupima kwa yale aliyoyajua juu ya mahakama na wakubwa. Hapo ndipo taarabu ilipopata tabia yake ya kudumu: wimbo ulianza kinywani mwa mwimbaji, lakini ulikwisha katika majadiliano ya wasikilizaji, ambao walijua ni nani aliyetajwa, nani aliyefichwa, na kwa sababu gani.

Tabia hiyo ilikomaa katika vyama vya wanawake vilivyofuata, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, ambavyo ushindani wao ulikuwa wa mavazi, wa sauti, na zaidi ya yote wa maneno. Wimbo wa kawaida hutungwa kwa beti za mishororo mitatu, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanyika nusu kwa nusu, na vina katikati na mwisho. Na ndani ya kipimo hicho finyu mtunzi hupanga ua, embe, chombo au ndege, akijua kwamba hapana ukumbini atakayedhani kuwa habari ni ya ua wala ya ndege. Ubeti ukimgusa msikilizaji, huinuka polepole, noti mkononi, akapita mbele ya watu kwa maringo kwenda kumtunza mwimbaji, na mtu aliyekusudiwa hulengwa kwa mtupo wa jicho au kwa kugeuziwa mgongo. Ukumbi mzima hufahamu. Lakini mlengwa akisimama na kuuliza, mtunzaji atajibu kwa upole kwamba ameupenda wimbo tu, na hapana ushahidi wa kumpinga. Katika mitaa ambayo nyumba zilishirikiana kuta na wanawake walishirikiana visima, na watu waliogombana leo walilazimika kukutana kesho mazikoni, hiyo ilikuwa hekima kubwa ya kusema kweli pasipo kuvunja ujirani.

Sanaa iliyokuwa na nguvu hiyo haikuweza kufungiwa Unguja. Dar es Salaam vilisimama vyama vya Egyptian na Al-Watan. Tanga ikatoa Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila Saidi. Mombasa, Juma Bhalo aliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, ilhali Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliurudisha udi katikati ya wimbo kwa ustadi uliowastaajabisha wajuzi. Kule Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, Ikhwan Safaa kilijulikana kwa muda kwa jina la Malindi, na Culture Musical Club, chenye asili ya mwaka 1958, kikakua chini ya mkono wa serikali.

Ghasia kubwa zaidi ilikuja katika miaka ya 1990. Kundi la Tanzania One Theatre na kundi la Muungano yalishindana Dar es Salaam, Khadija Kopa, aliyetoka Culture ya Unguja, akiwa upande mmoja, na Nasma Khamis Kidogo upande wa pili. Vijembe vikawa vikali, kanda zikasikika katika daladala na saluni, na neno mipasho likawa mashuhuri nchi nzima. Baadaye East African Melody na Jahazi ya Mzee Yusuf zikaifanya taarabu kuwa muziki wa kucheza usiku kucha. Wazee walilalamika kwamba adabu imekufa. Malalamiko yao yalikuwa na kweli ndani yake, ila hayakushika mahali penyewe. Kinanda cha umeme hakikuidhuru taarabu zaidi kuliko fidla, ambayo nayo ilikuwa ngeni ilipoingia. Kilichoidhuru, pale ilipodhurika, ni uwazi: tusi likitajwa kwa jina lake, msikilizaji hana tena la kufasiri, wala mtunzaji hana pa kujificha, na ujanja wote wa kuinuka na noti unakuwa ugomvi wa kawaida.

Kwa sababu hiyo haifai kuwahukumu vijana kwa ala zao. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya umri mrefu wa kupiga ngoma za unyago na kuimba nyimbo za Siti, alisikilizwa na vijukuu ambao hawakuwahi kuiona santuri. Bendi ya Siti and the Band ya Unguja imechanganya udi na kanuni na mapigo ya kigeni. Zuchu, binti wa Khadija Kopa, ameingia katika muziki wa kizazi kipya, na mwenye masikio huusikia urithi wa mama katika namna ya kuliviringisha neno. Na msichana anayeweka kipande cha wimbo katika stetasi ya simu yake, bila ya kumtaja mtu, akijua fika kwamba mmoja miongoni mwa watazamaji mia atakosa usingizi, anafanya kazi ile ile ya bibi yake aliyekwenda kutunza.

Basi swali la haki kwa kila kizazi si kama kimehifadhi mahadhi ya waliotangulia, kwa maana hao nao hawakuyahifadhi ya waliowatangulia wao. Swali ni kama nyimbo zake zinamwachia msikilizaji fumbo la kufumbua. Na wimbo unaosema kila kitu, hata ukipigwa kwa kanuni ya Misri, umekwisha kutoka katika taarabu.