Udhibiti endelevu wa minyoo ya kondoo

Ni utaratibu wa kupunguza madhara ya minyoo ya tumboni bila kutegemea dawa peke yake. Kwa mfano, Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Dodoma–Singida, ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mabuu ya minyoo hushamiri malishoni wakati huo.

Adui mkubwa ni *Haemonchus contortus*, mnyonya damu ambaye jike lake hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kondoo aliyeshambuliwa hupauka ndani ya kope na huweza kuvimba chini ya taya. Mbinu ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, hulinganisha rangi ya kope na kadi yenye madaraja 5, kisha hunyweshwa dawa mwenye upungufu wa damu tu. Wasiotibiwa hubaki na minyoo isiyo sugu kwa dawa, na dawa hudumu na nguvu yake.

Mfugaji huamua kwa mambo mengi: bei ya dawa, umbali wa duka la mifugo, ushauri wa ofisa ugani. Lililo zito zaidi ni malisho ya pamoja, kwani juhudi za mmoja huharibiwa na kundi la jirani. Kukadiria uzito kwa macho nako huleta dozi pungufu, chanzo kikubwa cha usugu. Kondoo wekundu wa Kimaasai, wa asili ya Afrika Mashariki, huhimili mnyoo huyu kuliko kondoo aina ya Dorper; kuwatupa kwa tamaa ya miili mikubwa ni hasara.